Kuchunguza Bila Kalamu: Mwalimu Mwanafunzi katika Ibada ya Sinagogi

Katika vyuo vyetu vya ualimu, uchunguzi hufundishwa kwa fomu. Mwanafunzi apelekwapo katika shule ya mazoezi kumwangalia mwalimu mzoefu akifundisha, hupewa karatasi iliyogawanywa safu kwa safu: utangulizi wa somo, matumizi ya ubao, zana, maswali, hitimisho. Naye huketi nyuma ya darasa, kalamu mkononi, akitafuta mambo ya kujaza. Akirudi chuoni fomu imejaa, lakini ukimwuliza ni mtoto gani aliyekuwa hafuati somo, au mwalimu alifanya nini pale darasa zima lilipokosa jibu, hana la kusema. Mambo hayo hayakuwa na safu yake.

Sidai kwamba fomu zitupwe. Fomu humrahisishia mkufunzi kazi ya kusahihisha, na humkumbusha mwanafunzi mambo ambayo pengine asingeyatazama. Ninalodai ni kwamba mwalimu mwanafunzi ajifunze kutazama kabla ya kujifunza kujaza. Mahali panapofaa kwa kujifunza hilo ni pale ambapo yeye ni mgeni kabisa, hajui lugha, hajui wakati wa kuketi wala wa kusimama, tena haruhusiwi kuandika. Mahali pa namna hiyo pako. Ni ibada ya asubuhi ya Sabato katika sinagogi la Wayahudi.

Najua wapo watakaoshangaa. Wengi wetu tumekutana na Wayahudi vitabuni tu. Mkristo anawajua kutoka katika Biblia, Muislamu kutoka katika Kurani, na wote wawili huwasikia katika habari za vita vya Mashariki ya Kati. Kwa hiyo mwalimu huingia darasani na Myahudi wa kale au Myahudi wa redioni. Mtoto wa darasa la sita akiuliza kama Wayahudi bado wapo duniani, swali ambalo nimelisikia kwa masikio yangu, hujibiwa kwa hadithi ya Musa na bahari. Hali ya kuwa Wayahudi wamekuwa wakisali katika nchi zetu hizi kwa zaidi ya karne moja. Jumuiya ya Nairobi ilianza katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na sinagogi linalotumika sasa, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, ni la miaka ya 1950. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ya Mashariki wapewe ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu. Tume ikatumwa kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayoni ukalikataa pendekezo hilo. (Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa, na mwalimu wa historia asilipite jambo hilo kimya.) Nchini Uganda, karibu na Mbale, Semei Kakungulu na wafuasi wake waliishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 bila ya kufundishwa na mmishonari yeyote wa dini hiyo, kwa kuyasoma maandiko tu. Wazao wao huitwa Abayudaya. Idi Amin aliipiga marufuku ibada yao. Alipoondolewa mwaka 1979 waliobaki walijikusanya upya, na hadi leo wana sinagogi katika kilima cha Nabugoye.

Basi mwalimu wa Nairobi au wa Mbale hana haja ya kusafiri ng'ambo.

Nije kwenye ile kanuni ya kalamu, maana ndiyo iliyonifanya nichague sinagogi badala ya nyumba nyingine ya ibada. Sheria ya Kiyahudi imehesabu aina 39 za kazi zisizofanywa siku ya Sabato, tangu kuzama kwa jua Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi nyota zitokezapo. Miongoni mwake kuna kuwasha moto, kushona, kujenga, na pia kuandika. Wanazuoni wao wa kale walikwenda mbali hata wakataja kipimo: mwenye kuandika herufi mbili amekwisha kufanya kazi. Na kufuta kilichoandikwa nako ni kazi. Kwa sinagogi lenye kufuata mapokeo ya zamani, kama lile la Nairobi, hii ina maana kwamba mgeni hatoi daftari, hapigi picha, harekodi sauti, na simu yake haionekani. Kwa hakika sheria hiyo haimfungi asiye Myahudi. Lakini adabu humfunga kila aingiaye nyumba ya watu.

Mwalimu mwanafunzi aliyezoea fomu, kwa saa mbili na nusu au tatu, hana kitu mkononi. Dakika za kwanza hufadhaika. Baadaye macho huanza kufanya kazi.

Nilipohudhuria mara ya kwanza, jambo lililonishughulisha kabla ya yote lilikuwa mchafuko, au kile nilichokiona kuwa mchafuko. Watu waliingia mmoja mmoja muda wote wa saa ya kwanza, na hakuna aliyewatazama kwa jicho kali. Kila mmoja alijifunika shali yake ya sala, akafungua kitabu, akaanza kunong'ona kwa mwendo wake, huku akiyumba mbele na nyuma. Watoto walipita baina ya viti. Mzee mmoja alimwinamia jirani yake akamwambia neno, wote wawili wakatabasamu, kisha wakarudi vitabuni. Ghafla sauti zote zikaungana katika jibu moja, bila ya ishara yoyote niliyoweza kuiona, halafu zikatawanyika tena.

Mkaguzi angeandika: nidhamu hafifu. Na angekuwa ameandika maoni, si uchunguzi. Kilichoonekana ni kwamba watu walisoma kwa mwendo tofauti na wakakutana mahali maalumu. Kwamba huo ni utovu wa nidhamu au ni utaratibu wa aina nyingine, ni neno la kuulizwa kwa wenyewe baada ya ibada. Nilipouliza, nilielezwa kwamba sehemu kubwa ya sala ni wajibu wa kila mtu peke yake, na kwamba kiongozi hutamka maneno ya mwisho ya kila fungu kwa sauti ili wote wajue wamefika wapi. Mwalimu yeyote aliyefundisha madarasa mawili katika chumba kimoja anaijua mbinu hiyo, hata kama hakuwahi kuipa jina.

Kuhusu jengo sitasema mengi. Waumini huelekea Yerusalemu, ambayo kwetu Afrika Mashariki iko kaskazini. Muislamu wa pwani atatambua kwamba upande huo unakaribiana na kibla chake. Katika ukuta huo mna kabati takatifu lenye pazia, na juu yake taa isiyozimwa. Sanamu hakuna. Wanaume hufunika vichwa, na mgeni mwanamume huazimwa kofia ndogo mlangoni. Ili sala kamili ya jumuiya isaliwe, katika mapokeo ya zamani sharti wawepo wanaume kumi wa Kiyahudi waliofikia umri. Mgeni hahesabiwi, wala hapaswi kuona uchungu kwa hilo.

Kiini cha asubuhi hiyo, na hasa kwa mwalimu, ni usomaji wa Torati.

Kabati linapofunguliwa wote husimama. Gombo hutolewa, likazungushwa miongoni mwa watu, kisha likalazwa juu ya meza. Ni gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, na kwa hesabu ya mapokeo lina herufi 304,805. Mwandishi mmoja huweza kumaliza mwaka mzima katika kazi hiyo. Herufi moja ikifutika, gombo halisomwi hadharani mpaka lirekebishwe. Torati nzima imegawanywa katika mafungu 54, yakasambazwa katika Sabato za mwaka. Siku fungu la mwisho likamalizwapo, siku hiyohiyo husomwa mwanzo wa Mwanzo. Aliyelelewa katika chuo cha Kurani pwani ataikumbuka khitima: kukamilisha msahafu na papo hapo kurudia sura za mwanzo.

Sasa tazama ugumu wa kazi yenyewe. Herufi za Kiebrania ni konsonanti, na gombo halina irabu. Halina nukta, wala halina alama za mahadhi, ingawa kila neno lina mahadhi yake yaliyowekwa. Msomaji hana budi kuwa ameyajua hayo yote kabla. Pamoja na hayo haruhusiwi kusoma kwa moyo. Hata kama amelihifadhi fungu lote, sharti macho yake yawe juu ya herufi, na kijiti cha fedha chenye ncha ya umbo la mkono, kidole cha shahada kimenyooshwa, kiongozwe neno kwa neno juu ya mstari. Ngozi haiguswi kwa mkono mtupu.

Hapo nawaomba walimu wa madarasa ya chini watulie. Ni mara ngapi tumesikia mtoto wa darasa la kwanza "akisoma" ukurasa mzima kwa ufasaha, kumbe kitabu kimepinduliwa? Amekariri kwa kumsikia mwenzake. Watu wa sinagogi wameitambua hatari hiyo karne nyingi zilizopita, wakaiwekea kanuni: kukariri ni jambo jema, lakini si kusoma. Na zana yao ya kuhakikisha ni kijiti tu. Kijiti cha mwalimu wa chuo, chenye kumwonyesha mwanafunzi herufi ubaoni, kilifanya kazi iyo hiyo katika pwani yetu yote, mpaka baadhi yetu tukakiona ni cha kizamani na kukiacha.

Msomaji hujitayarisha kwa kitabu cha safu mbili. Safu moja imeandikwa kwa irabu na alama zote. Ya pili, mkabala wake, ni maneno yale yale kama yalivyo katika gombo, matupu. Mwanafunzi husoma safu ya kwanza, akaifunika, akajaribu ya pili, akakwama, akafunua. Sijaona zana rahisi kuliko hiyo ya kumtoa mtoto katika msaada hadi kujitegemea, na mwalimu mwenye karatasi na rula anaweza kuitengeneza kwa somo la Kiswahili au hesabu katika muda wa jioni moja.

Siku ile alisoma kijana. Kwa desturi yao mvulana atimizapo miaka 13 huwa amefikia umri wa kuwajibika katika dini, na huitwa mbele ya jumuiya. Pande mbili za meza walisimama wazee wawili wakimfuata kwa kitabu kilichochapwa. Alipotamka irabu moja kwa namna iliyobadili maana ya neno, mzee wa kulia alilitamka neno sahihi kwa sauti, na sauti mbili tatu kutoka vitini zikalitamka vilevile. Kijana alirudi nyuma neno moja, akalisema ipasavyo, akaendelea. Jambo zima lilichukua muda wa pumzi moja. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemtikisia kichwa, naye hakuomba radhi. Baadaye alikosea mahadhi mahali fulani, nikaona wazee wakitazamana, na hawakusema kitu. Niliuliza sababu. Jibu lilikuwa kwamba kosa linalogeuza maana hurudishwa, na kosa la mahadhi lisilogeuza maana huachwa lipite.

Nimekuwa nikisahihisha masomo ya majaribio kwa miaka mingi, na sijasikia kanuni ya kusahihisha iliyo fupi na safi kuliko hiyo. Walimu wetu wanafunzi husahihisha kila kitu au hawasahihishi kabisa. Mtoto akisoma kwa lafudhi ya kwao hukatizwa mara tano katika sentensi moja, mpaka asahau alikuwa akisoma habari gani.

Hata hivyo nisieleweke kwamba kusahihisha hadharani kunafaa popote. Katika sinagogi kunafaa kwa sababu kila mtu ana kitabu mbele yake, kila mzee aliyemo alikwisha kusimama mahali pale akasahihishwa, na wote wanajua kwamba kinacholindwa ni andiko, wala si heshima ya mzee juu ya kijana. Ondoa masharti hayo matatu, ubaki na watoto sitini wenye vitabu kumi, na sauti ya kwanza itakayomsahihisha msomaji itakuwa ya kumzomea. Mwalimu atakayeiga sauti ya wazee bila ya kutayarisha darasa kwanza ataharibu wasomaji wake.

Wayahudi wenyewe hawakukubaliana juu ya kosa. Katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mabishano ya wanazuoni wao, mna mjadala kuhusu mwalimu wa kuajiriwa: yule afundishaye mengi lakini si mwangalifu, au yule mwangalifu afundishaye machache. Rava, aliyeishi Babeli katika karne ya 4, alisema aajiriwe wa kwanza, kwa kuwa makosa huondoka yenyewe. Rav Dimi wa Nehardea alisema aajiriwe wa pili, kwa kuwa kosa likishaingia limeingia. Binafsi niko upande wa Rav Dimi katika kusoma na kuhesabu, na upande wa Rava katika insha. Ukurasa huohuo una amri ya Rava juu ya ukubwa wa darasa: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 apewe msaidizi, wakifika 50 wawekwe walimu wawili. Imepita miaka elfu moja na mia sita. Wengi wenu mtapangiwa darasa la watoto mara mbili au tatu ya wale 25, na msaidizi hamtapata.

Haishangazi basi kwamba Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, katika lugha yao ya Kiyidi, huliita sinagogi kwa neno lililotokana na neno la Kijerumani la "shule".

Lipo jambo moja litakalowakera baadhi ya wanafunzi, hasa wasichana. Katika mapokeo ya zamani wanawake huketi mbali na wanaume, nyuma ya kizuizi au juu katika roshani, na hawaitwi kusoma gombo mbele ya jumuiya yote. Yako masinagogi ya mikondo mingine, hasa Marekani, ambayo wanawake na wanaume huketi pamoja na wanawake husoma, hata huwa marabi. Mwanafunzi ana haki ya kuwa na maoni yake. Nashauri ayaweke kando mpaka awe amewauliza wanawake waliomo wanaonaje wao, maana mara nyingi mgeni huwasikitikia watu ambao hakuzungumza nao.

Pingamizi kubwa zaidi ni la dhamiri. Kila ninapotoa shauri hili hutokea mwanafunzi, Mkristo au Muislamu, anayeniambia kwamba dini yake haimruhusu kuingia katika ibada ya wengine. Huyo asilazimishwe, wala asipunguziwe alama hata moja. Lakini kwa wengine wanaosita tu, nasema kuchunguza si kusali. Mgeni husimama wote wasimamapo kwa heshima, huketi waketipo, na hatakiwi kutamka neno. Wala asijifanye. Nimewahi kuona mgeni akiyumba mbele na nyuma na kufumba macho kana kwamba anaomba. Wenyeji walimstahi, lakini hakuona kitu. Mwalimu atafundisha watoto wa dini zote chini ya paa moja. Akiwa hajapata kuketi hata saa moja akiwa yeye ndiye asiyeelewa, sijui atamtambuaje mtoto ambaye kila siku huketi hivyo katika darasa lake.

Jioni nyota zikishatokea, kaa uandike. Andika kwanza uliyoyaona na kuyasikia, kwa mpangilio wa wakati, bila ya neno hata moja la sifa au la lawama. Katika ukurasa mwingine andika uliyodhani yana maana gani. Katika wa tatu, maswali uliyoyauliza na majibu uliyopewa, na jina la aliyejibu lisiandikwe. Utashangaa jinsi ukurasa wa kwanza ulivyo mgumu. Wanafunzi wangu wengi huandika mistari minne ya mambo yaliyoonekana, kisha hukimbilia wa pili, nami huwarudishia karatasi.

Mwenzangu mmoja chuoni hushikilia kwamba watoto wa shule za msingi nao wapelekwe. Sikubaliani naye kwa madarasa ya chini. Saa tatu ni nyingi kwa mtoto wa miaka minane, na kwa sababu ya mashambulizi yaliyowahi kuyapata masinagogi katika nchi mbalimbali, milango yake hulindwa kwa uangalifu mkubwa. Kikundi cha watoto arobaini ni mzigo kwa wenyeji. Kwa darasa la sita na la saba nadhani inatosha kuomba kuonyeshwa jengo siku ya kazi, ambapo kuandika na kuchora huwa halali, na mwenyeji ana nafasi ya kueleza. Kwa walimu wanafunzi, kikundi kisizidi sita. Barua ya kuomba ruhusa itangulie wiki kadhaa, iwe na majina kamili, na vitambulisho vichukuliwe. Mavazi yawe ya heshima, wanaume wafunike vichwa, wasichana wavae sketi ndefu na mikono iliyofunikwa. Baada ya ibada kwa kawaida huwa na divai, mkate na vyakula vidogo. Asiyetumia divai aseme hivyo kwa upole, hapana atakayemlaumu, na hapo mezani ndipo mahali pazuri pa kuulizia maswali.